Unga wa Bi Tope

Betri ilikuwa ndogo kama kifungo cha koti, na kitaa kilichounganishwa nayo kilizima kabla Meneja hajakaa sawasawa kitini.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, bosi," alijibu Mtaalamu wa maabara, mwenye koti jeupe lisilowahi kuona tope. "Ndio unga wake huo."

Wote wakamgeukia mwanamke aliyesimama mlangoni, vidole vyake vya kijivu amevificha ndani ya mtandio. Pale kiwandani walimwita Bi Tope.

Kiwanda kilikata matofali ya silikoni kuwa vipande vyembamba vya paneli za sola. Maji ya msumeno yalibeba vumbi, vumbi likawa tope, tope likawa kero. Kwa miaka mitatu Bi Tope na dada yake walilizoa bure, wakaliosha, wakalikausha, wakalisaga uani kwao. Hakuna aliyewauliza kitu. Kisha umbea ukamfikia Meneja: wale wanawake wanatengeneza unga wa betri!

Siku hiyohiyo mapipa yao ya tope yakazuiwa getini. Sasa ni wiki mbili, na nyumba nzima inaishi kwa tope hilo. Meneja alitaka Bi Tope alete unga upimwe kwanza. Kama ni kitu, alisema, watazungumza kikubwa. Leo alikuwa amevaa tai mpya, na mpiga picha alikuwa anasubiri kwenye korido.

"Mwambieni mpiga picha aende zake," Meneja aliguna. Akamtazama Bi Tope kutoka viatuni hadi utosini. "Mama, umesoma mpaka wapi?"

"La saba, bosi."

"Hata betri imejua."

Ofisi ikaangua kicheko. Mtaalamu alicheka kwa sauti kubwa kuliko wote, akaandika ripoti yake huku mabega yanamtikisika.

"Sasa bosi," Bi Tope alisema, sauti inakatika, "na mapipa je?"

"Mapipa? Chukua! Chukua yote, hata miaka kumi! Si utatusaidia usafi?"

"Mlinzi hakubali maneno ya mdomo, bosi. Atanirudisha."

"Hebu mwandikieni huyu aondoke!"

Wakamwandikia: tope lote, miaka kumi, bure. Meneja akasaini huku anajifuta machozi ya kicheko. Mhuri ukapigwa. Mtaalamu akambandikia na nakala ya ripoti, ili asije kubisha tena.

Bi Tope alitoka kichwa chini. Alipita getini hivyohivyo, akavuka barabara hivyohivyo, hadi akaingia uani kwao.

Gari la watengeneza betri lilikuwa linapakia magunia mawili ya mwisho.

"Mengine lini?" aliuliza dereva. "Wakubwa wananisumbua. Wanasema unga wa wengine hawautaki."

"Wiki ijayo," alisema Bi Tope, akampa dada yake ile karatasi yenye mhuri.

Dada mtu aliisoma mara mbili, akashusha pumzi. "Hawakushtuka?"

"Soma na hiyo ya nyuma. Ya Mtaalamu."

Dada mtu akageuza, akasoma kwa sauti: "'Silikoni duni sana.'" Akashika kiuno, akafoka:

"Duni? Majivu ya jiko langu, niliyoyachekecha mara tatu!"