Miba Huamka

Kwa nini mtoto wa miaka mitano hamlilii kaka yake, ilhali alimwona akigongwa na treni? Wanawake waliokaa matangani walinong'onezana swali hilo, na Zawena, aliyekuja kutoa pole, aliwasikia.

Mtoto mwenyewe, Siwatu, alimjia na simu mkononi. Kwenye kioo alirukaruka Miba, nungunungu wa katuni katika mchezo wa simu ambaye Zawena alimbuni ili awafundishe watoto kusimama, kutazama na kusikiliza kabla ya kuvuka reli.

"Dada, Miba ni wako?"

"Ni wangu."

"Basi mwamshe na kaka Shaame."

Akamwonyesha. Alimvusha Miba vibaya makusudi. Treni ikamrusha, nyota zikamzunguka kichwani, kisha akainuka, akajipangusa vumbi, akacheka. Zawena ndiye aliyekichora kicheko hicho, maana hakutaka kuwatisha watoto.

"Shaame alisema tujaribu kwenye reli ya kweli," Siwatu alieleza. "Nilizingoja nyota. Hazikuja."

Mama yao aliinua uso, akamtazama Zawena. "Mjibu wewe, mwanangu. Sisi anatuona waongo."

Zawena alipiga magoti mkekani. "Shaame haamki tena, Siwatu."

"Hata wewe ni mwongo," mtoto alisema kwa upole, akabonyeza kioo, na Miba akainuka akicheka.

Zawena aliwageukia wanawake.

"Kuanzia leo," alisema, "Miba akigongwa, hataamka."