Nakala ya Skeli

Mjomba aliburuta kiti, akakaa na kuegemea mlango. Simu ya mpwa wake alikuwa ameshaitia mfukoni.

"Ushushe huo mstari," alisema. "Kisha twende nyumbani."

Mpwa huyo, mchoraji wa grafu za bwawa, hakugeuka. Kwenye kioo cha kompyuta, mstari mwekundu wa maji ya bwawa ulikuwa umeanza kuvuka alama ya hatari. Nje mvua ilikuwa haijapumzika. Chini ya bwawa, nyumba zilibanana bonde zima, na mojawapo ilikuwa ya mama yake.

"Wakiuona watakimbia, mjomba. Ndiyo kazi yake."

"Kesho wakubwa wanakuja kukagua bwawa ninalolisimamia. Wakute bonde tupu? Mvua itakatika, utaona."

Huyu ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Kazi hii alimtafutia yeye. Kila alipotaka kusema hapana, aliukumbuka wema huo.

Akajaribu njia nyingine. "Haiwezekani. Skeli ndiyo inayoamua kila mita ya maji ichorwe kwa urefu gani. Ukurasa wa wananchi na ule wa mafundi wa bwawa zinatumia skeli moja. Nikiivuruga, mafundi nao watadanganyika."

Mjomba akatabasamu. Kumbe alikuja amejiandaa.

"Nimeulizia. Hiyo maktaba yenu ya kompyuta, ya kuchorea grafu, ina amri ya kunakili skeli. Ukiichezea nakala, ya asili haiguswi. Au nimedanganywa?"

Hakudanganywa. Binti akatazama dirisha lenye nondo, akatazama mlango.

"Nakili," mjomba alisema taratibu. "Mimi siondoki hapa."

Akaandika amri. Skeli zikawa mbili. Akaitanua ile nakala, akaitanua tena, mpaka mafuriko yakaonekana kama maji ya beseni. Akaongeza amri fupi ya kuchagua nani aonyeshwe nakala hiyo.

"Fungua simu yako, mjomba. Ingia kwa jina lako uone."

Akaingia. Mstari ulikuwa umejilaza chini kabisa, kama mtu aliyeshiba. Akashusha pumzi.

"Ahsante, mwanangu. Umeona? Jambo dogo tu." Lakini kiti hakukisogeza. "Tukae kidogo. Usije ukabadili mawazo."

Wakakaa. Mvua ilizidi kupiga bati. Binti alikuwa amejikunyata kitini, macho sakafuni, na mjomba akamwonea huruma kidogo. Kila baada ya muda aliitazama simu yake, akaridhika, akairudisha mfukoni.

Jioni simu hiyo ikaita. Alikuwa dada yake, mama wa yule binti. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na honi, watoto wakilia, watu wakiitana.

"Kaka, uko wapi? Bonde zima tumeshatoka, tuko huku juu na magodoro yetu. Ule mstari mwekundu uko kwenye simu ya kila mtu. Kwani ya kwako inaonyesha nini?"