Matembezi Kabla ya Boti

Uongo wa Maman Nzigire ulikuwa mfupi, na alikuwa ameufanyia mazoezi njia nzima hadi kuvuka daraja la Ruzizi: yeye ni abiria wa boti ya Gisenyi, amewahi mno, anatafuta muntu wa kumtembeza Cyangugu mpaka saa ya kupanda ifike.

"Basi umempata, Maman," alisema kijana aliyesimama gatini. "Mimi naitwa Munyemana. Kutembeza wageni wa boti ndiyo kazi yangu."

Nzigire alilijua jina hilo. Ndilo lililomtoa Bukavu asubuhi ile bila kumuaga mtu. Wiki tatu nyuma, bintiye Reine alikuwa amelitaja mezani, kati ya ugali na sombe, kuwa ni la mchumba wake anayetembeza wageni Cyangugu, na mumewe Ntabaza akaacha kula. Vita vilitangazwa kwisha tangu mwaka wa juzi, lakini si mezani kwa Ntabaza. Askari waliotoka ng'ambo, Rwanda, ndio waliolala katika kitanda chake na kuchoma milango yake wakipikia. Leo apokee mkwe kutoka huko huko? Nzigire hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alitaka kwanza amwone huyo kijana kwa macho yake, kijana mwenyewe asijue anatazamwa.

"Wageni mnawaonyeshaka nini?" aliuliza.

"Wengine wanaonyeshwa ziwa. Lakini ziwa utaliona mpaka ulichoke. Mimi nitakuonyesha vitu ambavyo havijaandikwa popote."

Walianza kwa kinyozi. Kibanda cha mzee Ndizeye kilikaa ubavuni mwa mlima, na kioo chake alikitundika kwa namna kwamba aliyeketi kitini aliiona Bukavu nzima nyuma ya sikio lake.

"Keti, Maman," alisema mzee. "Hapa bantu wananyolewa Rwanda huku wakitazama Congo."

Nzigire akaketi. Alitafuta paa la nyumba yake kiooni, na alipoinua macho alimkuta mzee anamtazama yeye, kwa makini zaidi kuliko inavyompasa mtu ambaye hana kichwa cha kunyoa.

"Unapanda boti? Leo?"

"Leo."

Mzee akamtupia jicho Munyemana, kisha akapatwa na kikohozi kirefu.

Njiani Nzigire alianza mitihani yake. Alilalamika juu ya jua. Alisimama kila hatua kumi. Alisema viatu vinambana, akasema haviko vibaya, akasema tena vinambana. Munyemana alimkatia jani la mgomba la kujifunika kichwa, akapunguza mwendo, wala hakutoa hata mguno. Nzigire aliumia kidogo rohoni. Alikuwa amekuja akitumaini kumwona mtu mwenye hasira za karibu.

Kituo cha pili kilikuwa kikanisa chenye kinanda cha zamani. Wakati wa vita kilipoteza sauti tano, na badala ya kukitupa, mwalimu wa kwaya, Emerance, aligawa sauti hizo kwa waimbaji watano. Kinanda kikifika mahali palipokufa, mtu anaimba.

"Mmoja wetu amekwenda sokoni," alisema Emerance. "Maman, utushikie sauti yake."

Nzigire hakuwa ameimba mbele ya watu tangu askari walale nyumbani kwake. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu wimbo ulikuwa umekwisha anza, pengo likafika, na sauti ikamtoka yenyewe. Waimbaji walicheka kwa furaha, na Emerance akamshika mkono, akachelewa kuuachia.

Mwisho walifika kwa bibi Béata, mkaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Alikuwa kipofu, na sifa yake ilikuwa moja: ukimpa samaki, anakwambia alivuliwa upande gani wa ziwa. Nzigire alimpa watatu, bibi akapatia wote.

"Na wewe nakusikia," bibi alisema. "Wewe ni wa Bukavu. Bwana yako mzima?"

Labda ni kwa sababu bibi hakuwa na macho ya kumtazama nayo. Nzigire alijikuta anaeleza yote: kitanda, milango, na mume ambaye hata leo akisikia Kinyarwanda redioni huizima.

 Bibi akasema, "Sisi tuliishi kwenu miaka thelathini. Tulifukuzwa huko, tukarudi huku tukikimbia, na sufuria moja. Wa kuibeba ndiye huyu Munyemana. Haya, mwanangu. Kula."

Akamsogezea sahani, wakala pamoja.

Waliposhuka kurudi ziwani, Nzigire alikwisha amua. Atamkabili Ntabaza usiku huohuo, hata kama nyumba itawaka moto. Kilichobaki ni kuikwepa boti. Atasema tumbo linamsumbua, ataahirisha safari, atavuka daraja kimyakimya, na kijana hatajua kamwe.

Gati lilikuwa tupu. Wanawake wawili walikuwa wanafua pale abiria wanapopandia.

"Boti imechelewa?" aliuliza, mkono tayari tumboni.

"Boti ya Gisenyi inaondokaka Ijumaa, Maman. Leo ni Jumanne."

Mkono ulibaki tumboni bila kazi.

"Sasa tangu asubuhi ulikuwa unanitembeza wapi?"

"Kwetu," alisema Munyemana. "Nilikutambua hapa hapa gatini; Reine alinionyesha picha yako. Kinyozi ni papa yangu mdogo, Emerance ni dada yangu mkubwa, na koko Béata, bibi yangu, ndiye aliyenilea. Na bote banasema hivi: kama mama yake na Reine ndiye huyu, tuoe haraka."