Sekunde Arobaini Mtoni

"Tulikuwa watu saba mtoni, Melkizedeki, na mimi mbele kabisa na sweta langu jipya. Niko wapi hapa?"

Zamoyoni alikuwa amemzuia jirani yake mpiga picha mlangoni, picha isiyo na rangi mkononi. Mto mzima ulikuwa umetoka mweupe kama moshi, na wale saba hawamo.

"Mliondoka, dada. Niliwaambia msitikisike sekunde arobaini."

"Kamera ililia kacha, tukajua tayari. Baridi ile nani angengoja?"

"Kacha ile ni ya kufungua. Filamu inakunywa mwanga polepole, mtu akitembea haimshiki."

"Na huyu aliyeshikwa ni nani?" Zamoyoni aliuliza, akigusa umbo la mtu mmoja aliyesimama kando ya mwamba.

Akaipeleka picha kwenye mwanga, akamtambua. Mtaa mzima ulijua kwamba mama yake, Bi Sikudhani, aliikimbia kamera maisha yake yote. Hata kwenye harusi alijificha jikoni. Siku ile, aliposikia kacha, naye alidhani imekwisha. Akatoka nyuma ya mwamba, akatia mikono kwapani kwa baridi, akasimama kutazama maji. Mwezi uliofuata walimzika, na nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja.

"Kanuna vilevile," Zamoyoni alisema, akiipangusa picha kwa upindo wa khanga, ingawa haikuwa na vumbi. "Asante, kaka yangu."

Ndani watu walikuwa wakicheka na sahani zikigongana. Akamshika mkono.

"Ingia. Tumejaa, lakini watakusogezea nafasi karibu na jiko. Maharage bado ya moto."