Papai la Saa Kumi

Siku hizi hakuna shehe wala padri anayefungisha ndoa bila cheti cha mchezo wa kompyuta. Wachumba hulima pamoja miaka miwili katika bonde la kwenye skrini, wakafua majembe, wakafukuza mazimwi, na kila zawadi huongeza moyo mmoja mpaka mioyo itimie kumi. Kibwana alimpata Mwanakheri kwa mapapai, kwa kuwa mchezo ulimpangia Mwanakheri apende papai.

Ndoa ina mwaka wa tatu na papai lingali linakuja. Kila siku saa kumi Kibwana hulileta jikoni kwa mikono miwili, akasimama kungoja. Mwanakheri hajapenda papai tangu azaliwe. Zamani alimwambia, "Mume wangu, keti basi tuzungumze," naye akaishia kutabasamu tu, papai mkononi.

Leo Mwanakheri katoka matangani, sauti imemkauka kwa kulia. Saa kumi, Kibwana huyo mlangoni.

"Kibwana, nimefiwa na mama yangu. Leo niache."

Hakusogea. Machozi yakamlengalenga.

"Kwani halijaiva?" akauliza.

Mwanakheri hakuwa na nguvu ya kubishana. Akalipokea, akatabasamu, akatamka maneno yale ya mchezoni: "Ahsante, mpenzi! Umejuaje nalipenda?"

Uso wa Kibwana ukang'aa. Akaenda zake akipiga mluzi.

Mwanakheri aliliweka papai kando ya lile la jana, akageukia ukuta apate kumlilia mama yake. Akakuta bado anatabasamu, na tabasamu halitaki kutoka.