Sanduku Alilolisahau Justus

Justus alifungua mlango wa nyuma wa gari, akachungulia, akaurudisha upesi.

"Sanduku nimelisahau," alisema.

Hilali bin Darwesh, mwenye gari, alikuwa amechuchumaa kivulini akijipepea kwa kofia yake. Kofia ikasimama hewani.

"Sanduku gani?"

"La vifaa, Bwana."

"Lile la jana?"

"Lile lile."

Gurudumu la mbele lilikuwa limelala chini kama chapati. La akiba lilikwisha pasuka tangu asubuhi. Mbele msitu, nyuma msitu, na njia yenyewe ilikuwa ile ya misafara ya zamani, ambayo wapagazi waliipita kwa miguu bila kuhitaji pampu.

Hilali alikuwa amenunua gari kuukuu la jeshi, akalitia kitanda, pazia na jiko la mkaa, apate kulala porini akikusanya nta na asali mpaka Uvinza. Justus alipewa safari hii moja ya kumjaribu. Akifaulu, kazi ni yake. Na akipata kazi, wazee wa Flavia kule Usoke wangekubali siku ya harusi itajwe, maana walikwisha sema wazi kwamba binti yao haendi kwa mtu asiye na kazi.

Kwa hiyo jana yake sanduku alilipanga barazani kwa Hilali, watu wakiona. Viraka na gundi yake, pampu, plagi, mkanda wa feni, waya, hata kipande cha sabuni cha kuzibia tangi likitoboka. Kila kitu alikieleza kwa sauti ya mtu aliyefika darasa la kumi na asiyetaka mtaa usahau.

Lugembe, dereva mwenzake aliyeitaka kazi hiyo hiyo, alikuwa ameegemea nguzo.

"Hujatia kitu cha kukukinga na wakwe," alisema. "Mimi juzi gulioni Puge mama mkwe kanitokea kwa mbele, na kwetu mkwe hatazamwi usoni. Nikajitupa nyuma ya magunia ya karanga, nikakaa humo mpaka amalize kununua chumvi. Na yule mama chumvi anaichagua punje moja moja."

"Mimi Usoke nitapita nimeketi juu, usukani mkononi," Justus alijibu. "Wataniona kwa mbali, na itatosha."

Asubuhi yake, Bi Saleha, mke wa Hilali, alimpakia nyuma mgonjwa aliyekuwa amefikia kwa jirani yake pale Cheyo, Tabora. Alikuwa ametoka hospitali na alitaka kushushwa njiani, kwao. Justus wakati huo alikuwa chini ya gari, akikaza boliti iliyokuwa imekazwa tangu juzi.

Sasa Hilali alinyanyuka. "Hebu nitazame mwenyewe."

Alinyoosha mkono kwenye kitasa. Justus akasimama mbele ya mlango.

"Nimekwisha tazama, Bwana. Tutamsumbua mgonjwa bure."

"Basi Lugembe kakuibia. Nilimwona anavyolizunguka sanduku lile."

Justus alitazama chini. Maneno hayo yalikuwa mlango mwingine, wa kujitoa lawamani, tena ulikuwa wazi kabisa. Ilitosha aitikie kwa kichwa.

"Hapana, Bwana," alisema. "Lugembe hakuligusa. Nimesahau mimi."

"Kipande cha sabuni umekitangaza mtaa mzima, sanduku ukaliacha barazani. Huko shuleni mlikuwa mnafundishwa nini?"

Masikio yalimwaka Justus. Alichukua panga, akakata nyasi, akalibandua tairi upande mmoja na kulishindilia nyasi mpaka likavimba kama godoro la mgeni.

Warina asali wawili waliokuwa wakipita na baiskeli walisimama. Mmoja aliuliza kama magari ya siku hizi yameanza kula majani. Hilali akacheka. Justus naye akacheka kidogo, kwa adabu.

Waliingia Usoke jua limeinama, gari likichechemea, nyasi zimetoka nje ya tairi kama ndevu. Watoto walilifuata mbio. Justus, ambaye moyoni alikuwa amekwisha ipigia honi njia hiyo mara nyingi, alishusha kofia mpaka puani na kupita kwa kina Flavia bila kugeuza shingo.

Walisimama stesheni.

"Utashuka hapa," Hilali alisema. Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Nitapeleka habari Tabora, Lugembe aje na treni."

"Ndiyo, Bwana."

Mlango wa nyuma ukagongwa kutoka ndani. Hilali akaenda kuufungua. Justus hakumsaidia. Aligeukia ukuta wa stesheni akasimama kama mtu asomaye tangazo, na ukuta haukuwa na tangazo.

Mgonjwa alishuka taratibu, miguu imevimba, kanga kajitanda mpaka machoni. Upande wa ukutani hakutazama hata kidogo. Alisema na Hilali peke yake, kwa sauti ya kufika mbali.

"Bwana Hilali, nikuombe unifikishie maneno kwa dereva wako. Mwambie sanduku lake ni zima, nilikuwa nimelikalia mimi. Mle ndani joto lilizidi, kanga zote nilikuwa nimezitundika msumarini, na yeye mlango aliufunga upesi. Mwambie nimesikia yote aliyoambiwa. Na umwambie mwanangu Flavia haolewi na gari, anaolewa na mtu."