Vifaa vya Anayeanza

"Utatulipua, Maren! Wewe, mama yako, mimi, na paka wangu ambaye hana kosa!"

"Mzee Orrin, shusha sauti. Mtaa mzima unasikia."

"Usikie! Wajue wa kumlaumu tukiokotwa vipande vipande."

Orrin Tvedt aliuvuka uzio mguu mmoja baada ya mwingine, na miaka yake sabini na moja, akajitosa ndani ya gereji ya jirani bila hodi. Juu ya meza palikuwa na kopo la baruti, hatua mbili tu kutoka kwenye hita iliyokuwa ikinguruma. Aliizima hita, akalinyakua kopo. Lilikuwa jepesi ajabu, kama tupu, ila hofu haikumpa nafasi ya kujiuliza.

Maren na mama yake walihamia hapo majira ya kuchipua, na wanawake wa mkahawani walikwishawahukumu: binti mcheshi, mama ana kiburi au ni bubu. Kwa kweli yule mama hakuwahi kumsalimu Orrin hata siku moja. Pazia la jikoni tu ndilo lililosogea kila alipotoka nje.

Sasa zilibaki wiki mbili msimu wa kuwinda ufunguliwe, na Maren naye alitaka kujitengenezea risasi zake za bunduki nyumbani, kwa kushindilia baruti kwenye maganda, kama nusu ya watu wa bonde lile la Montana. Katalogi ilikuwa wazi mezani, kwenye ukurasa wa mashine ya kushindilia kubwa kuliko zote.

"Hii ukivuta mkono tu, inatema risasi," alisema.

"Na vidole vyako itavitema. Anayeanza anachukua hii ndogo, inayoshindilia moja moja. Ukikosea, umekosea moja." Orrin alipitisha kidole ukurasani. "Mizani nzuri. Kalibu za kubania maganda, za bunduki yako wewe, si ya shangazi yako. Kitabu cha vipimo, ukisome kuliko Biblia. Na usipige kamwe risasi aliyoshindilia mtu mwingine, hata mimi. Hujui kaweka nini humo."

Alirudi kwake mbio, akaleta boksi la risasi zake ziwe mfano. Maren alichomoa risasi moja, akaigeuza kitako juu. Kitako kilizungushiwa rangi ya zambarau.

"Na urembo huu?"

"Rangi ya kucha, ya marehemu mke wangu, Solveig. Kila mtu ana alama yake, zisichanganyike. Zambarau bonde zima ni mimi peke yangu. Wawindaji wenzangu walinicheka! 'Orrin, na midomo unapaka?'"

Maren alicheka, naye akacheka. Tangu Solveig aondoke, hakuna aliyemuuliza chochote kwa muda mrefu namna hii.

"Na maganda? Ukishapiga unayatupa?"

"Kutupa! Binti, ganda unaliokota, unalisafisha, unalijaza tena. Sisi hutambaa kwa magoti kwenye theluji kwa ajili ya ganda moja."

"Kwa hiyo hujawahi kuacha hata moja mlimani?"

Gereji ilikwishapoa. Orrin aliitazama mizani, ingawa haikuwa na kitu. Misimu kumi na tisa hakupanda mlima ule, tangu mwindaji mmoja wa mjini alipookotwa amekufa chini kwenye korongo, na risasi kifuani isiyojulikana ya nani. Watu walisema Orrin ana roho nyepesi, ndiyo maana amebaki kulenga makopo nyuma ya nyumba.

"Hata moja," alisema.

Maren alitikisa kichwa taratibu, akaivuta mizani karibu. Aliisawazisha kwa vidole viwili, bila kuangalia, ikatulia kwenye sifuri kabla Orrin hajamaliza kupumua. Yeye mwenyewe, kwa miaka arobaini, hakuwahi kuwa mwepesi vile.

"Kumbe! Nani kakufundisha?"

"Baba, nikiwa mdogo."

Aliingiza mkono mfukoni, akaweka kitu kwenye sahani ya mizani. Ganda la risasi, la zamani, limegeuka kahawia. Kitakoni rangi ilikuwa imebanduka upande mmoja. Upande wa pili ilikuwa bado zambarau.

"Mama aliliokota juu ya korongo, theluji ilipoyeyuka," alisema Maren.

Orrin alitafuta mlango kwa macho. Mlango uliofunguka ulikuwa wa jikoni, na harufu ya nyama ya kuoka ikatangulia. Yule mama alisimama kizingitini, anajifuta mikono kwenye aproni, na sauti yake haikuwa ya bubu wala ya kiburi.

"Chakula tayari, Orrin. Karibu ndani. Utakaa kwenye kiti cha mume wangu."